Miaka tisa nimeizunguka London na gari la mizigo. Mnaodai baipasi Malindi, tuongee

#1 Mwana wa Barani

Salamu kwenu nyote, wa Malindi na wa mbali.

Ijumaa baada ya swala tulikaa barazani hapa Barani, mazungumzo yakaangukia foleni. Kila mtu alikuwa na kisa chake. Mmoja katoka uwanja wa ndege kwenda sokoni, na muda aliotumia, zamani ungemfikisha Gede. Mwingine alikwama nyuma ya trela la saruji linaloelekea Lamu, tuktuk zimelizingira kama siafu. Mzee mmoja tunayemheshimu sana akakata shauri: dawa ni kujengewa baipasi, yaani barabara ya kuzunguka mji, pana, leni tatu tatu, yaishe. Baraza zima likaitikia. Nikanyamaza, maana barazani mzee huachiwa neno la mwisho, lakini moyo haukutulia.

Nimeendesha gari la mizigo Uingereza miaka tisa. Nilikuwa nachukua vifurushi kwenye ghala karibu na uwanja wa Heathrow na kuvisambaza miji ya pembeni, na njia yangu ya kila siku ilikuwa M25, ile barabara kuu inayoizunguka London. Urefu wake ni kilomita 188. Ilikamilika Oktoba 1986, Margaret Thatcher akakata utepe. Waliipangia magari kama 88,000 kwa siku. Kufikia 1993 yalikuwa 200,000. Miaka saba tu: mtoto aliyezaliwa siku ya utepe ndiyo kwanza yuko darasa la kwanza.

Wakapanua. Upande wa magharibi leni tatu zikawa nne, baadaye kipande cha Heathrow kikafika tano na sita kila upande. Nimepita hapo kwenye leni sita, na nimesimama hapo kwenye leni sita bila kusogea, nikitazama ndege zikishuka moja baada ya nyingine juu ya kichwa changu, kila moja imepewa nafasi yake na dakika yake. Huko juu kulikuwa na mpango. Chini tulikuwa tumeongezewa lami tu.

Kwa nini inajaa? Mwanauchumi wa Marekani, Anthony Downs, alilieleza mwaka 1962 na mimi nimeliona kwa macho. Ukipanua, aliyekuwa anatoka alfajiri kukwepa foleni anarudi kutoka saa mbili. Aliyekuwa anapita vichochoroni anarudi barabara kuu. Aliyekuwa anapanda treni anawasha gari lake. Halafu zinajengwa nyumba na maghala kando ya barabara mpya, na hao ni wageni kabisa. Mwaka 2011 wachumi Duranton na Turner walichapisha utafiti wa miji ya Marekani: kilomita za leni zikiongezeka kwa asilimia kumi, kilomita zinazoendeshwa na magari nazo zinaongezeka karibu asilimia kumi. Lami inamezwa yote.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Gari nyingi zilizokuwa nami kwenye M25 hazikuwa zinaizunguka London. Zilikuwa zinaingia makutano haya na kutoka yanayofuata, au ya tatu. Mama anampeleka mtoto shule, kijana anakwenda dukani. Barabara iliyokusudiwa kupitisha lori za bandari ya Dover kwenda kaskazini bila kugusa mji ikageuka kuwa mtaa wa mbele wa vitongoji vyote. Ukiniuliza ugonjwa wa barabara ya mzunguko ni nini, nitakujibu ni huo.

Sasa swali langu. Kabla hatujadai leni tatu tatu, kuna aliyeuliza magari yanayotuziba hapa Malindi yanatoka wapi na yanakwenda wapi?

#2 Makanga Mstaafu

Kaka, karibu nyumbani. Wasemalo wazee usilipuuze sana, foleni inatuumiza kweli.

Lakini nieleze jambo moja. Nimesikia huko kwenye hiyo M25 kuna mabango ya taa yanawapunguzia watu spidi saa za msongamano, ati ndiyo magari yapite mengi. Mimi nimening'inia mlangoni mwa matatu ya Malindi na Mombasa miaka kumi na minne. Gari ikienda mbio, tripu zinaongezeka. Ikienda pole, hesabu ya tajiri haitimii. Hiyo hesabu ya Wazungu imekaaje?

#3 Mwana wa Barani

Hata mimi siku za mwanzo niliyalaani yale mabango. Yalianza 1995, kati ya makutano ya 10 na ya 15. Chini ya lami wamezika nyaya zinazohesabu kila gari na kupima mwendo wake. Magari yakianza kusongana, juu ya kila leni inawaka namba ndani ya duara jekundu: kama 97 kwa kilomita zetu, kisha 80, kisha 64. Na kamera ipo, kwa hiyo watu wanatii.

Hesabu ni hii. Simama kando ya barabara, chagua nguzo moja. Dereva mwenye busara huacha sekunde mbili kati yake na wa mbele. Basi nguzoni hapo linapita gari moja kila sekunde mbili, yaani 1,800 kwa saa kwa leni moja. Angalia tena: ndani ya hesabu hiyo spidi haimo. Mkienda 110, sekunde mbili ni mita 61. Mkienda 80, ni mita 44. Magari yamesogeleana zaidi, lakini idadi inayopita nguzoni ni ile ile.

Kinachoipunguza idadi ni breki. Kwenye 110 hakuna anayeacha mita 61, wanafuatana kwa kama mita ishirini. Mmoja akigusa breki kidogo, wa nyuma anagusa zaidi, wa tatu anakanyaga, wa kumi anasimama kabisa. Halafu leni ya kulia inakwenda 110 na ya kushoto 85, kwa hiyo kila mtu anahamahama, na kila anayehama anamkanyagisha mtu breki. Wote wakiwa 80, hakuna faida ya kuhama. Mnatulia kwenye leni zenu, mnatiririka.

Siku moja nilisimama juu ya daraja la miguu nikisubiri gari la kunivuta. Jioni, kiza kinaingia. Nikaona taa nyekundu za breki zinawaka mbali upande wa mashariki, zikaanza kuja kwangu, gari kwa gari, kama wimbi linalorudi ufukweni. Zikapita chini ya miguu yangu, wimbi likaendelea nyuma mpaka likapotelea kwenye kona. Magari yanakwenda mashariki, foleni yenyewe inasafiri magharibi. Pale ilipoanzia hapakuwa na ajali wala kazi ya barabara. Hapakuwa na kitu.

Wajapani walilijaribu hili, matokeo yakatoka 2008. Magari 22 kwenye duara la mita 230, madereva wakaambiwa waende mwendo mmoja kama 30 kwa saa. Hakuna taa, hakuna tuta, hakuna makutano. Muda si mrefu foleni ikazaliwa yenyewe, ikawa inarudi nyuma kwa kama kilomita 20 kwa saa.

#4 Makanga Mstaafu

Sasa umenirudisha mbali. Jumapili jioni tukitoka Malindi na abiria wa kurudi kazini, kuanzia Kilifi ni msururu. Kulikuwa na dereva wangu mmoja, mtulivu, Mungu amrehemu. Wenzake wanampita kwa fujo, wanaingia upande wa pili, wanarudi kwa kubana. Yeye haongezi wala hapunguzi. Mimi namgongea bodi, "Mzee, twende!" Ananiambia tulia.

Tulikuwa tunawakuta Mtwapa. Wale wale. Injini inachemka na abiria wamekasirika.

#5 Kijana wa Langoni

Nawasalimu kutoka Amu, yaani Lamu. Sisi ndia zetu hazina magari, lakini foleni tunaijua vizuri kuliko mnavyodhani.

Nimekulia kwenye punda. Asubuhi mchanga na mawe vikishuka kwenye mashua, punda kumi na wawili wanapanda mtaani wakifuatana, kila mmoja na magunia mawili. Ndia yenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Punda wa mbele akisimama kunusa ganda la embe, wa pili anamgonga, wa tatu anapinda anaziba, na huku nyuma kuna mama ana beseni kichwani na mtu wa mkokoteni, wote wanapiga kelele simile, simile. Na embe lenyewe walio nyuma hawajaliona hata kidogo.

Baba yangu alikuwa hawaachii wote kwa pamoja. Anawashika pale gatini, anamwachia mmoja, anahesabu, anamwachia wa pili. Watu wakimwambia unachelewesha kazi. Lakini punda wa baba walikuwa wanafika Langoni na kurudi kabla wa wenzake hawajajinasua. Nilipokuwa mdogo sikuelewa.

#6 Mwana wa Barani

Ndugu yangu wa Amu, babako alikuwa mhandisi. Alichokifanya pale gatini ndicho wanachokifanya kwenye maingilio ya barabara kuu kwa taa: kijani, linaingia gari moja au mawili, nyekundu, subiri sekunde chache, kijani tena. Ni kama mchele na faneli. Ukiumwaga wote kwa pamoja unakwama shingoni, ukiumimina kidogo kidogo chupa inajaa haraka.

Kule Minnesota, Marekani, wananchi walilalamika sana kwamba taa hizo zinawapotezea muda. Mwaka 2000 wakazizima zote, zaidi ya mia nne, kwa wiki kadhaa, wakapima. Magari yaliyoweza kupita barabara kuu yalipungua asilimia 9, muda wa safari ukaongezeka asilimia 22, ajali zikaongezeka asilimia 26. Wakaziwasha.

#7 Fundi Kokoto

Nimefuatilia kimya, sasa niseme, maana lami ndiyo kazi yangu.

Msije mkawafanya watu waamini kupanua ni kosa. Kuna barabara ambayo ni nyembamba mno, basi. Eastern Bypass ya Nairobi ilijengwa leni moja kila upande, na miaka michache baadaye ikabidi ipanuliwe kuwa mbili mbili. Aliyepita Eastern kabla ya kupanuliwa anajua: lori moja bovu, mji mzima wa upande ule umekwama. Na leni moja moja inaua watu kwa kupitana. Nimeokota viatu vya watoto kando ya lami. Sitaki kusikia mtu akisema leni ya pili ni anasa.

Ninachokubaliana nacho ni makutano. Nairobi leo ina baipasi za Southern, Northern na Eastern, na Western kutoka Gitaru mpaka Ruaka, kama kilomita 17, ilipokamilika mwaka 2022 ikaunganisha mzunguko. Sasa tembea nazo uone zinakwama wapi. Huku katikati, kwenye lami tupu, magari yanakwenda. Zinakwama pale mtu anapotaka kuingia na mwenzake anapotaka kutoka ndani ya mita mia mbili zile zile, mmoja anakata kushoto, mmoja anakata kulia, wanakatana kama mkasi. Ukiweka leni kumi hapo katikati halafu makutano ukayaacha yalivyo, umenunua chupa kubwa yenye shingo ile ile.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa: pesa ya kwanza iende kwenye makutano. Maingilio yawe machache, yaachane mbali, na kila moja liwe na leni ndefu ya kujiunga, siyo kona ya ghafla. Pembeni iwepo barabara ya huduma kwa wenye safari fupi, boda, tuktuk na matatu za kushusha. Thika Road ya mwaka 2012 ilifanyiwa hivyo kwa sehemu kubwa. Ina kasoro zake nyingi, lakini mwenye safari ya mtaa wa pili ana pa kupita bila kuingia leni za mbio.

#8 Mwana wa Barani

Fundi, nakubali, na nimepokea. Sikusema tusipanue. Barabara ya Mombasa mpaka hapa tunaijua sote, na tumezika watu kwa sababu yake. Ninachokataa ni kupanua kukawa ndiyo mpango mzima.

#9 Dalali Muyeye

Na mimi nina langu, na nitasema ukweli hata kama unaniharibia biashara.

Uvumi wa baipasi ukianza tu, simu yangu hailali. Swali la kwanza la mnunuzi ni "inapita wapi?" La pili ni "kiwanja kinaangalia barabara?" Hakuna anayeuliza habari ya maji. Kila mtu anataka geti lake lifungukie lami moja kwa moja, ajenge duka, kituo cha mafuta, gesti. Kila geti ni makutano, kama alivyosema Fundi, ila haya hayana leni ya kujiunga wala taa. Miaka kumi, na barabara ya kuzunguka mji imekuwa ndiyo mji.

Sheria ya hifadhi ya barabara, ile ardhi iliyotengwa kandoni mwake, ipo, mawe ya mipaka yanawekwa, na watu wanajenga juu ya mawe. Nimeshaonyeshwa hati ambayo kipande chake kimo ndani ya hifadhi, nikakataa kukiuza, kesho yake kikauzwa na mwenzangu. Kama kuna la kudai kaunti na wenye barabara kuu, lidaiwe kabla trekta la kwanza halijashuka: nani ana ruhusa ya kufungua geti kwenye lami hiyo, na nani hana. Likishajengwa ghorofa, mtapiga kelele mpaka mchoke.

#10 Mama Maembe

Jamani, hodi. Nimesomewa uzi huu na binti yangu, ameniandikia.

Mimi nauza maembe na korosho njia panda. Nimesomesha watoto wanne kwa meza ile. Kila mnapoanza kusema foleni, makutano, hifadhi, najua mwisho wake ni wapi: kibanda changu ndicho kinachovunjwa. Walikuja mara moja, alfajiri, na notisi ya siku mbili ambayo wengi wetu hatukuiona. Meza zetu zilipakiwa kwenye lori, maembe yakamwagwa mtaroni. Nilikaa pale chini nikiokota yasiyopasuka.

Nawauliza kwa heshima. Gari lisiposimama, mimi naishi vipi? Na likisimama mnasema ndiyo foleni. Sasa tuuze wapi?

#11 Mwana wa Barani

Mama, shikamoo. Pole sana. Nimekaa na swali lako tangu jana usiku na sikutaka kukujibu haraka.

Una haki. Ukipanga barabara kama kwamba watu wa kandoni hawapo, watakuja tu, kwa sababu penye gari ndipo wateja walipo. Kuwafukuza hakujawahi kuwa mpango, maana baada ya mwezi wamerudi na foleni ipo pale pale.

M25 yote, kilomita 188, ina vituo vinne tu vya kusimama: Clacket Lane, Cobham, South Mimms na Thurrock. Sitaki kukudanganya kwamba ndani kuna mama anauza maembe, ni kampuni kubwa. Lakini ule mpangilio ndio tunaoutaka: gari linatoka kabisa barabarani kwa njia yake, linaegesha, watu wanakula, wananunua, wanaswali, kisha linarudi kwa njia nyingine ndefu. Nyuma yake hakuna aliyegusa breki. Sisi tujenge soko la namna hiyo kila upande, lenye kivuli, maji, choo na maegesho ya lori, na meza zigawiwe kwa majina ya waliopo leo njia panda, kabla ya lami kumwagwa. Kabla, Mama. Likija baadaye limekwisha.

Hii iandikwe kwenye madai yetu, na mwenye kuyasoma mkutanoni uwe wewe.

#12 Kijana wa Langoni

Swali dogo. Nasikia Uingereza walipokosa pesa za kupanua wakatumia ule ukingo wa lami wa kusimamishia gari bovu ukawa leni. Si wazo zuri kwa nchi kama yetu? Lami ipo tayari.

#13 Mwana wa Barani

Hapana, ndugu yangu. Hapana kabisa. Nieleze kwa nini.

Walianza na M42 karibu na Birmingham, 2006. Mwanzoni walikuwa waangalifu: ukingo unafunguliwa saa za msongamano tu, kila mita mia chache kuna kipande cha kujificha gari bovu. Matokeo yakapendeza, ni rahisi kuliko kupanua. Basi wakaendelea, wakalegeza, vile vipande vikaachana mbali zaidi, na sehemu nyingine ukingo ukawa leni saa ishirini na nne. M25 nayo ikapata vipande vyake 2014.

Jioni moja ya Novemba gurudumu langu la nyuma lilipasuka kwenye kipande cha namna hiyo. Tairi lilikuwa limeisha, nilishalisema kazini mara mbili. Nililivuta gari kushoto kadiri lilivyokwenda, likasimama, bado nusu kilomita kufika kwenye kijificho. Nilikuwa ndani ya leni. Nikatokea mlango wa abiria, nikaruka chuma cha pembeni, nikasimama kwenye majani yenye umande. Juu ya leni yangu iliwaka alama ya X nyekundu, lakini haikuwaka papo hapo. Muda ule kabla haijawaka niliona taa za trela zinakuja moja kwa moja kwenye gari langu, nikasikia breki zake, nikalihisi joto lake lilipopita, limekwepa kwa upana wa mkono. Sikulala usiku ule. Kuna watu ambao trela halikuwakwepa, familia zao zikapiga kelele miaka mingi, na Aprili 2023 serikali ya Uingereza ikafuta mpango wa kujenga nyingine mpya.

Sasa fikiria kwetu. Ukingo wa lami kwetu ndipo mtoto anapotembea kwenda shule, ndipo boda inapopita, ndipo mama anapobeba maembe. Tusiuguse.

#14 Makanga Mstaafu

Nimesoma hiyo mara mbili. Pole kaka.

Na tozo je? Nairobi wameweka kule juu kwenye Expressway, kilomita 27. Mwenye pesa anapaa, asiye nayo anabaki chini na moshi.

#15 Mwana wa Barani

Tozo ni dawa kali, inategemea anayeipima. Stockholm walijaribu 2006, unalipa kuingia katikati ya mji saa za msongamano, magari yakapungua karibu moja ya tano, na 2007 ikawa ya kudumu. Lakini wao mabasi na treni walikuwa nayo tayari. Kumtoza mtu asiye na njia nyingine ni kumpunguzia mkate tu. Paris wamechagua njia tofauti kwa barabara yao ya mzunguko, kilomita 35, inayobeba safari zaidi ya milioni moja kwa siku: Oktoba 2024 wakashusha mwendo kutoka 70 mpaka 50, na Machi 2025 wakatenga leni moja, saa za msongamano, kwa magari yenye watu wawili au zaidi, mabasi na teksi. Hii naipenda, kwa sababu inahesabu watu badala ya kuhesabu mabati. Matatu yenye watu kumi na wanne isisimame nyuma ya gari lenye mtu mmoja.

Na kuna jambo la Machi 2024 ambalo sikulitarajia. Walifunga kipande cha M25, kati ya makutano ya 10 na 11, mwisho wa wiki mzima ili wabomoe daraja. Ilikuwa haijawahi kufungwa mchana kwa mpango tangu 1986. Magazeti yalitabiri kiama. Watu walitangaziwa mapema, wengi wakaahirisha, wakabadilisha, wakakaa nyumbani, na barabara ikafunguliwa kabla ya muda. Maana yake kumbe nyingi ya zile safari zingeweza kupita pengine au kungoja.

#16 Mwalimu Ganda

Nimewasoma tangu mwanzo. Nafundisha hisabati hapa Ganda, na swali la post ya kwanza halijajibiwa na mtu yeyote: magari yanatoka wapi, yanakwenda wapi? Mnabishana dawa kabla ya kipimo.

Kipimo chake si kigumu. Watu wawili wakae upande wa uwanja wa ndege, wawili daraja la Sabaki. Kila gari linalopita wanaandika herufi na namba tatu za sahani, aina ya gari, na saa. Jioni tunalinganisha daftari. Sahani iliyoonekana uwanja wa ndege na ikaonekana Sabaki muda mfupi baadaye ni ya mpita njia, baipasi ingemsaidia. Isiyoonekana Sabaki imeishia mjini, na baipasi hata ya leni kumi haitaiondoa sokoni. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wako tayari. Wazazi wao nimewaomba ruhusa.

#17 Makanga Mstaafu

Mwalimu, mimi nakaa Sabaki. Nazijua gari zote za njia hii kwa sauti.

#18 Mama Maembe

Chai na mahamri ya watoto nitaleta mimi.

#19 Mwalimu Ganda

Tumefanya Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa nne. Namba kamili nitazileta zikishahakikiwa, sitaki kuandika kitu cha haraka hapa. Lakini kuna moja siwezi kuisubirisha.

Trela la saruji, la kwenda Lamu, liliandikwa upande wa uwanja wa ndege saa moja na dakika kumi. Msichana aliyeliandika aliweka nyota pembeni kwa sababu lilikuwa kubwa. Makanga akaliandika Sabaki saa mbili kasoro tano. Kijana wetu mwenye baiskeli alikuwa amelifuata nyuma njia nzima. Anasema lilitembea vizuri tu, isipokuwa sehemu moja: pale matatu mbili zilipojipanga sambamba zikisubiri abiria, na tuktuk zikageuza mbele yake. Hapo lilisimama dakika ishirini na sita. Alizihesabu kwa saa ya babake.

#20 Mwana wa Barani

Dakika ishirini na sita kwenye mita hamsini za lami.

Mwalimu, daftari hilo tulipeleke kwa mzee wa baraza Ijumaa, nitakwenda nawe. Na tuombe ruhusa turudie siku ya kazi, shule zikiwa wazi. Safari hii nitasimama mimi pale kwenye matatu, niongee na madereva kwanza, niwaulize wenyewe wangependa steji iwe wapi.